Mashua Kuukuu na Tanga Lake

Mhariri ameniomba nieleze habari za mashua yetu ya Kasanga, kwa sababu wenzangu wengi wamesikia nusu tu ya habari hiyo, tena ile nusu ya kuchekesha, na wengine wameitia chumvi hata nikaulizwa bwenini kama ni kweli niliokotwa Kongo. Sikuokotwa Kongo. Niliokotwa kilomita mbili hivi kutoka ufukwe wa Kasanga, mchana kweupe, nami nilikuwa nimeshika kafi mkononi. Nusu ya pili ya habari, yaani namna tanga linavyofungwa katika mashua ndogo, na kwa nini letu la kwanza lilitushinda, haikusimuliwa na mtu. Hiyo ndiyo nitakayoandika.

Msomaji wa hapa Mollo atauliza kwanza: mtoto wa nyanda za juu, aliyelelewa katikati ya mahindi na maharage na baridi ya mwezi wa Juni, ana habari gani na matanga? Jibu ni fupi. Mama yangu ni mtu wa Kasanga, na mjomba wangu angali huko. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai hata Kasanga ni kilomita zaidi ya 100 kidogo, lakini tofauti ya nchi ni kubwa kuliko safari yenyewe. Sumbawanga iko juu kiasi cha mita 1,800. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 tu. Basi katika safari ya nusu siku mtu hushuka zaidi ya kilomita nzima kwenda chini. Njiani unavua sweta, kisha unavua na viatu.

Mashua hiyo mjomba aliitumia zamani kwa nyavu za migebuka. Urefu wake ni mita 4.2, upana mita 1.3 katikati, na kina chake kutoka ukingoni hata sakafuni ni sentimita 45. Imejengwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari, na chini ni bapa kama sinia. Wasomaji waliangalie sana neno hilo bapa, maana nitalirudia. Mjomba alipopata chombo kikubwa chenye mashine, akaipindua ile ndogo chini ya mwembe, ikakaa hapo miaka mitatu, kuku wakitagia ndani yake. Mwaka jana, likizo ya Juni, mimi na binamu yangu tukamwomba atuachie. Akasema, "Chukueni, wajomba zangu, lakini maji yatakayoingia si yangu."

Maji yaliingia. Mbao zilizokaa juani hunywea, na kila ungio hufunguka. Tulikalafati siku mbili: nyuzi za pamba zilizosokotwa zikashindiliwa katika nyufa kwa patasi butu, halafu lami ya moto juu yake. Kisha tukaizamisha penye maji haba usiku kucha ili mbao zivimbe zenyewe. Kazi hii haina raha yoyote, nami sitaieleza zaidi ila kuonya kwamba lami ya moto haitoki katika suruali ya shule.

Tanga si jambo geni katika ziwa hili. Waarabu na Waswahili wa Ujiji walikuwa na vyombo vya tanga humo kabla Wazungu hawajaliona. Mwingereza Speke alipofika na mwenzake Burton mwaka 1858, alivuka ziwa kwa mtumbwi akaenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake, akarudi bila kulipata. Siku hizi mashine zimeshinda, na vijana wa ufukweni walipotuona tunachonga mlingoti walituuliza kama petroli imekwisha nchini. Tulitaka kutembea juu ya maji kwa raha tu, kama mtu anavyopanda baiskeli jioni bila kutumwa. Nchi nyingine jambo hili wamelifanya kuwa mchezo wa watoto kabisa. Mwaka 1947 Mmarekani aitwaye Clark Mills alibuni kimashua cha tanga kiitwacho Optimist, chenye urefu wa mita 2.3 tu, kinachoweza kujengwa kwa mbao nyembamba, na leo watoto wa nchi nyingi duniani hujifunzia humo.

Basi tulijifundisha wenyewe, na hapa ndipo kosa la kwanza. Tulikuwa tumeona picha za ngalawa katika vitabu. Tukatoboa kiti cha mbele, tukasimamisha mti humo, tukafunga turubai la pembe tatu juu ya mwanzi mrefu, tukalivuta juu kwa kamba iliyopita katika tundu tulilolichoma kwa chuma cha moto kwenye kichwa cha mti. Kamba ya nyuma ya tanga tuliifunga kitini, fundo juu ya fundo, ili isituponyoke. Tulipomaliza lilifanana na picha sawasawa.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Ziwa lilikuwa shwari, na kijiupepo kilitoka nchi kavu nyuma yetu. Mashua ikateleza bila mtu kupiga kafi, maji yakaimba chini ya mbao, na mimi sijapata furaha kama ile tangu nijue kusoma. Tulikwenda karibu nusu saa. Kisha tukasema, haya, turudi.

Hapo ndipo tulipojua tulichofanya. Kasanga iko ufuko wa mashariki wa ziwa. Kuanzia mwezi wa Mei hata Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, yaani kwetu hutoka nchi kavu na kwenda ziwani. Asubuhi huwa mpole, na jua likipanda naye hupata nguvu. Kwa hiyo mgeni wa tanga huchukuliwa nje kwa adabu zote, tena maji ya ufukweni yametulia kwa kuwa yamekingwa na nchi, naye haoni hatari. Kila anavyokwenda mbali ndivyo upepo na mawimbi yanavyokua. Tuliigeuza mashua, tukaielekeza ubavu, tukavuta kamba. Tanga likajaa, mashua ikaenda, lakini haikwenda ilikoelekezwa. Iliteleza kwa ubavu kama sahani juu ya meza yenye maji. Tulikwenda kulia, tukageuka tukaenda kushoto, na kila tulipotazama nyumba za Kasanga zilikuwa zimepungua ukubwa.

Saa nne na nusu ukaja mfumo mmoja wa upepo. Mashua ikalala, ukingo ukachota maji. Nikaikimbilia kamba ya tanga niilegeze. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza kama jiwe. Binamu yangu akalikata kwa kisu cha samaki. Tanga likaanza kupiga makofi kwa kishindo, tukataka kulishusha, nayo ile kamba ya juu ilikuwa imevimba ndani ya tundu, haiji juu wala chini. Ilibidi binamu yangu, ambaye ni mzito kuliko mimi, auning'inie ule mwanzi kwa mikono miwili hata ukashuka naye. Baada ya hapo tulipiga makafi na kuchota maji kwa zamu, na sanasana tulifaulu kutokwenda mbali zaidi. Saa nane chombo kimoja cha mizigo kilichokuwa kikiingia Kasanga kikatutupia kamba. Wale mabaharia hawakutugombeza hata kidogo, jambo ambalo lilituumiza zaidi.

Habari zilifika Mollo kabla sijafika mimi. Mama hakusema nami siku nzima. Ndugu yake mmoja alichukuliwa na ziwa hilo hilo kabla mimi sijazaliwa, nami nililijua jambo hilo nilipokuwa nikichonga mlingoti, ila sikulifikiri. Baba alikuwa na maneno machache. Nilimwambia, "Baba, nisamehe, sitafanya tena." Akajibu, "Sikukuuliza kama utafanya tena. Nakuuliza kwa nini mashua haikurudi. Ukiisha kulijua hilo na kuliandika nikalielewa, tutazungumza. Mpaka siku hiyo, usiguse maji yale." Makala hii, kwa sehemu kubwa, ni karatasi ile niliyomwandikia.

Mwalimu wangu nilimpata likizo fupi ya Septemba. Karibu na nyumba ya mjomba anakaa mzee ambaye ujanani alikuwa baharia wa majahazi huko Tanga, miaka mingi, kisha akarudi kwao. Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza yote. Akacheka hata akakohoa, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ninyi hamkufunga tanga. Mlianika nguo." Akaniagiza nichore mashua mchangani kwa vipimo vyake vya kweli, akaanza kuuliza.

Swali lake la kwanza halikuwa juu ya tanga, bali juu ya tumbo la mashua. Mashua haiwezi kamwe kwenda moja kwa moja mdomoni mwa upepo. Chombo kinachotaka kwenda kule upepo utokako hubisha, yaani huenda mshazari upande mmoja, kisha hugeuka na kwenda mshazari upande wa pili, kama mtu apandaye mlima kwa njia ya kona kona. Upepo unapolisukuma tanga, sehemu ya nguvu yake husukuma mbele, na sehemu kubwa zaidi husukuma ubavuni. Kama chini ya maji kuna kitu kirefu kinachoukataa mwendo wa ubavuni, mashua haina njia ila kwenda mbele. Majahazi yana mkuku, na ngalawa ina gogo lake jembamba lenye kina. Mashua yetu ilikuwa sinia.

Wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne wataona jambo hili vizuri kwa hesabu. Chukua kwamba chombo kinakwenda pembe ya nyuzi 60 kutoka upepo utokako. Kosaini ya 60 ni nusu. Basi ili usogee kilomita 1 kuelekea upepo, utatembea kilomita 2. Ukienda kwa nyuzi 70, utatembea karibu kilomita 3. Ukienda kwa nyuzi 80, ni karibu kilomita 6. Ukifika 90 hutarudi kamwe, hata ukitembea mpaka Kigoma. Sisi siku ile, tukihesabu na kuteleza kwetu, tulikuwa kwenye 80 tulipobahatika na zaidi ya 90 mfumo ulipokuja. Tulikuwa kilomita 2 nje. Mashua nzuri ingetembea kilomita 4 ikawa nyumbani. Ya kwetu ilidai 11 na nusu, na wakati huo upepo unazidi. Baba alipofika mahali hapa katika karatasi yangu aliomba penseli, akazihesabu mwenyewe.

Dawa yake ni ubao. Mashua nyingi za mchezo zina ubao unaoteremshwa katikati kupitia mfereji uliojengwa sakafuni, lakini kutoboa sakafu ya mashua kuukuu ni kutafuta msiba mwingine. Mzee akatuambia tutundike mbao mbili nje, moja kila ubavu, na kuteremsha ile ya upande upepo uendako tu, ili mashua iuegemee ubao nao uegemee mashua. Ya pili huinuliwa. Baadaye nilisoma ya kwamba Waholanzi, ambao maji ya pwani yao ni haba na vyombo vyao vingi ni bapa kama chetu, wametumia mbao za namna hii tangu karne nyingi. Zetu ni za mkaratusi, urefu mita 1.1 na upana sentimita 35, zimening'inizwa kwa kamba nene iliyopita katika tundu.

Ubao utundikwe wapi? Hapa pia hesabu ya darasani ilitufaa. Upepo hulisukuma tanga lote, lakini waweza kuchukuliwa kana kwamba unasukuma mahali pamoja, napo ni karibu na kitovu cha pembetatu, yaani pale mistari itokayo kila pembe kwenda katikati ya upande wa pili inapokutana. Maji nayo huukataa ubao karibu na kitovu chake. Kama kitovu cha tanga kiko mbele mno ya ubao, mashua hukimbia upepo, haitaki kuugeukia. Kikiwa nyuma mno, hugeuza pua upeponi kila ukilegeza mkono. Tulilichora tanga mchangani, kitovu kikaangukia mita 2.15 hivi kutoka omo, tukautundika ubao mita 2.3. Hivyo ubao uko nyuma kidogo tu ya kitovu, na mashua inatii usukani kwa vidole viwili.

Sasa mlingoti. Ule wa kwanza ulisimama juu ya ubao wa sakafu, na ulikuwa umeanza kuutoboa. Ingalipita saa moja zaidi tungalizama kwa tundu tulilolichimba wenyewe. Mguu wa mlingoti sharti ukae katika kigogo chenye tundu, kilichopigiliwa juu ya mataruma mawili au zaidi ili uzito ugawanyike. Mlingoti wetu wa sasa ni mkaratusi kutoka hapa Mollo. Tuliukata, tukaumenya, tukaukausha kivulini majuma sita, kisha ukashuka Kasanga juu ya lori la mahindi, na utingo akatutoza nauli ya mtu mzima. Una urefu wa mita 2.5, na umesimama mita 1.4 kutoka omo, umeinama mbele kidogo. Watu hushangaa kuona ulivyo mfupi. Lakini katika tanga la pembe tatu la kwetu, urefu hauko katika mlingoti, uko katika foromali, ule mti ulalao mshazari na kulibeba tanga. Foromali yetu ni mianzi miwili iliyolazwa bega kwa bega na kufungwa kwa kamba, urefu mita 5. Mlingoti mfupi hauivuti mashua kulala, na foromali ikishushwa mashua hubaki na kijiti tu cha kushikwa na upepo.

Kamba inayoinua foromali huitwa henza. Badala ya lile tundu la kuchoma tulifunga kapi dogo kwenye kichwa cha mlingoti, kamba ikawa inapita kwa wepesi hata ikilowa. Henza haifungwi karibu na mlingoti, maana mtu wa mbele huenda akawa majini. Hurudishwa nyuma hata kiti cha katikati, ikafungwa kwa fundo linalofumuka kwa mvuto mmoja. Foromali hufungwa henza mahali palipo mita 2.2 kutoka ncha yake ya mbele, si katikati. Tena kuna kitanzi cha kamba kinachoizunguka foromali na mlingoti pamoja, ili foromali isiruke mbali. Kitanzi hicho sisi hukipaka mawese kila siku kabla ya kutoka. Mzee alitusimamisha ufukweni, akatuagiza tushushe tanga mara ishirini, naye akihesabu kwa sauti. Mara ya kwanza ilitutwaa hesabu ya 40. Mara ya ishirini ilikuwa 6.

Tanga lenyewe lina pande tatu: mita 4.8 kwenye foromali, 3.3 nyuma na 3.2 chini, nalo eneo lake ni mita za mraba 5 na robo. Ni la turubai, maana marekani nzito ya tanga hatukuiweza kwa bei. Letu la kwanza tulilikata kwa rula, pande zote zimenyooka, tukajisifu. Kumbe tanga lililonyooka kila upande halina tumbo, na tanga lisilo na tumbo halivuti. Upande wa foromali hukatwa kwa kupinda kidogo kuelekea nje, letu kwa sentimita 8 pale penye kupinda zaidi. Ukifungwa kwenye mti ulionyooka, nguo ile ya ziada husukumwa ndani ikawa tumbo dogo upande wa mbele. Pindo zote tatu zimeshonewa kamba ndani, maana turubai peke yake huchanika kama karatasi. Halafu hufungwa kwenye foromali kwa vipande vifupi vya kamba, kila sentimita 25, na kila kimoja kwa fundo lake, ili kimoja kikikatika vingine visifuate.

Pembe ya mbele chini huitwa joshi. Siku ile ya kwanza hatukuifunga popote, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya kutorudi kwetu. Joshi lisipovutwa chini kwa nguvu, ncha ya foromali hupanda na kuyumba, ukingo wa mbele wa tanga hulegea na kupepea, na mashua haiwezi kuukaribia upepo hata ikiwa na mbao kumi. Kwa sasa joshi limefungwa kwenye pete iliyoko omoni, na kabla ya kubisha tunalikaza hata foromali iwe inalia kidogo ukiipiga kidole. Upepo ukiwa nyuma, twalilegeza.

Pembe ya nyuma ina demani. Nikiambiwa niandike sentensi moja tu ya makala hii, ningeandika hii: demani haifungwi. Hushikwa mkononi. Ikiwa mkono umechoka, waweza kuizungusha mara moja katika kishikizo laini na kushika ncha, lakini fundo hapana. Mfumo wa upepo ukija, ukifungua vidole tu tanga hupepea kama bendera na mashua husimama wima. Mwisho wa kamba umefungwa kitini ili isipotee majini, ila kamba yenyewe ni ndefu kiasi kwamba tanga laweza kufunguka kabisa bila kuzuiwa. Mzee alisema kwamba katika miaka yake baharini aliona vyombo vidogo vingi vikipinduka katika upepo ambao haukuwa mkubwa, na alipouliza, mara nyingi alisikia habari ya demani iliyofungwa.

Kugeuka kuna ugumu wake. Tanga hili hukaa upande mmoja wa mlingoti. Ukigeuka, upepo hulibana juu ya mlingoti na kulipasua tumbo kuwa mawili. Kwa mwendo mfupi twaliacha hivyo, linavuta kwa shida lakini linavuta. Kwa mwendo mrefu tunageuka kwa kuupa upepo tezi: joshi linafunguliwa, foromali inasimamishwa wima karibu na mlingoti, demani inapitishwa mbele ya mlingoti hata upande wa pili, joshi linafungwa tena, na ubao wa upande wa pili unateremshwa. Kazi hii yataka watu wawili wanaoelewana. Kwa muda wa Septemba nzima mimi na binamu yangu hatukuelewana.

Yako mambo mengine ambayo si ya tanga, lakini bila hayo Baba asingaliiruhusu mashua. Chini ya viti tumefunga madumu manne matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa. Kwa kanuni ya Archimedes kila dumu likizama husukumwa juu na uzito wa maji ya lita 20, yaani kilo 20, basi yote manne ni kilo 80 pungufu ya uzito wa madumu yenyewe. Hatukuiamini kanuni kwa maneno. Tuliijaza mashua maji hata ukingoni, mahali pa maji ya kiunoni ambapo wavuvi hufulia nyavu na wanajua hapana mamba, tukakaa ndani wawili. Ilikaa majini kama kiboko, viti vikionekana, haikuzama. Kila mtu huvaa jaketi la kuokolea, hata ajuaye kuogelea. Makafi mawili na kata ya kuchotea maji zimefungwa kwa kamba. Na msimu wa kusi hatuvuki mstari wa kutoka jiwe moja hata jingine tuliouchagua na mjomba, kwa kuwa ndani ya mstari huo hata mtu mmoja aweza kurudi kwa kafi.

Mwezi wa Desemba Baba alishuka nami Kasanga. Mama alikuja pia, akakaa kwa mjomba wala hakushuka ufukweni. Msimu huo kusi amekwisha kupumzika, na pepo ni nyepesi na za kubadilika, lakini mvua huja na dhoruba zake. Baba alikaa kiti cha katikati na karatasi yangu mfukoni. Tulitoka kiasi cha nusu kilomita, tukageuka, tukabisha. Safari nne mshazari, naye akitazama mwembe mmoja wa ufukweni. Baada ya safari ya pili akasema polepole, "Unakuwa mkubwa." Alimaanisha mwembe.

Tulikuwa katika safari ya nne wingu jeusi lilipoonekana upande wa Zambia. Binamu yangu alifumua henza bila kungoja kuambiwa, tanga likaanguka, tukaingia ufukweni kwa makafi, Baba akichota maji yaliyoingia kwa zile nyufa ambazo hazitaki kuziba. Mvua ilitukuta tunaivuta mashua mchangani. Mama alikuwa amesimama chini ya mwembe na kanga kichwani, na sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Aliuliza kama tumekula.

Tanga limekunjwa darini kwa mjomba. Nimepigiwa simu juma lililopita nikaambiwa kwamba panya wamekula pembe ya demani pamoja na kamba yake ya pindo, kwa hiyo kazi ya kwanza ya likizo ijayo ni sindano na uzi. Mwenye kipande cha turubai kinene kisichopungua nusu mita, na anikute bwenini.